Sheria inasema asilimia 2 ya pato la taifa iende kwa utafiti. Fedha za programu huria ziko wapi?

Ndugu wanajukwaa,

Nimekasirika, na sioni sababu ya kulificha jambo hili. Sheria ya Kenya ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi ya mwaka 2013 inaitaka Hazina ya Taifa itoe, kila mwaka wa fedha, kiasi kinacholingana na asilimia 2 ya pato la taifa kwa ajili ya utafiti, kupitia Mfuko wa Kitaifa wa Utafiti. Zaidi ya miaka kumi imepita na agizo hilo halijatimizwa. Mwananchi akichelewesha ushuru hutozwa faini. Hazina ikipuuza sheria iliyopitishwa na Bunge, tunaambiwa bajeti ni finyu.

Kati ya kazi ambazo fedha hizo zingegharimia, linaloniuma zaidi ni programu huria, yaani programu za kompyuta ambazo msimbo wake (maagizo yanayoiendesha programu) uko wazi kwa kila mtu, kwa kuwa Kenya ilikuwa pale tangu mwanzo. OpenMRS, mfumo wa rekodi za wagonjwa ambao leo unatumika katika nchi nyingi, ulitokana na kazi ya AMPATH, mpango wa kuhudumia wagonjwa wa Ukimwi mjini Eldoret, ambako Chuo Kikuu cha Moi na hospitali yake ya rufaa walishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani. Wazo lilianza mwaka 2004, na mwaka 2006 mfumo ulikuwa tayari unatumika hapo hapo Eldoret. KenyaEMR, inayotunza kumbukumbu za wagonjwa wetu wa Ukimwi, imejengwa juu ya msingi huo huo. Kisha kuna DHIS2, programu huria nyingine, ambayo tangu 2011 imekuwa ikikusanya takwimu za afya nchi nzima, na ambayo hutengenezwa na Chuo Kikuu cha Oslo kwa msaada mkubwa wa serikali ya Norway. Yaani mlipa kodi wa Norway ndiye anayegharimia chombo ambacho wizara yetu hukitegemea kupanga chanjo!

Programu huria haina ada ya leseni, lakini haijitunzi yenyewe. Lazima awepo mtu anayelipwa kuziba mianya ya usalama, kurekebisha hitilafu na kumfundisha karani wa zahanati. Kazi hiyo, kwa upande wa KenyaEMR, kwa miaka mingi ililipiwa na PEPFAR, mpango wa serikali ya Marekani wa kupambana na Ukimwi. Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje Januari 2025, rekodi za wagonjwa wa Kenya zikaingia hatarini kwa saini iliyotiwa Washington. Ni serikali gani hukubali kuishi hivyo?

Wala tusidanganywe kwamba fedha hazipo. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali alitueleza mwaka 2025 kwamba mfumo wa kidijitali wa bima mpya ya afya, wenye thamani ya shilingi bilioni 104.8, si mali ya serikali. Ujerumani, nchi tajiri kuliko sisi, ilianzisha Sovereign Tech Fund mwaka 2022 ili kuwalipa watunzaji wa programu huria ambazo kila mtu anaweza kuzikagua na kuzitumia; sisi tunalipia msimbo tusioumiliki, huku wahadhiri wetu wa sayansi ya kompyuta wakiandika maombi ya ruzuku kwenda Ulaya.

Ninataka Kamati ya Elimu ya Bunge imwite Waziri wa Fedha aeleze, mwaka baada ya mwaka tangu 2013, ni kiasi gani kilipelekwa kwenye Mfuko. Ninataka pia bajeti ijayo iwe na fungu la mishahara ya wahandisi wa KenyaEMR, lililoandikwa waziwazi kwa jina hilo.