Wakuu, nataka kununua mashine ya gemu za zamani na TV ya chogo. Ninakosea?

Mleta uzi: Habari za usiku wakuu. Nina miaka 41, mke na watoto wawili. Kuna fundi anauza mashine ya kaseti pamoja na TV ya chogo, laki mbili na nusu. Ana pia kaseti ya Gradius, ile gemu ya chombo cha angani ya 1986. Tangu niicheze kwake sipati usingizi. Ninunue au niachane nayo?

Pweza Mkavu: Pakua kwenye simu, bure.

Mleta uzi: Nimejaribu mkuu. Kwenye simu kidole kinaziba chombo chenyewe, halafu kinachelewa kugeuka. Gemu hizi ukichelewa umekufa. Skrini inakuburuta mbele, kurudi nyuma hakuna. Ukiokota kidonge chekundu, taa chini inasogea nafasi moja: kasi, kombora, risasi mbili, leza. Risasi zinakuja na wewe unaamua: nichukue kombora sasa, au nivumilie nifike kwenye leza? Gemu za watoto wangu hazijawahi kunibana hivyo.

Bi Shuka: Miaka 41 unaokota vidonge. Watoto wako darasa la ngapi?

Kaka wa Tandika: Umenikumbusha banda la mtaani kwetu, ukifa unampisha mwenzio. Ila mimi ni R-Type, nayo ni gemu ya chombo cha angani. Kile kidude cha mbele ya chombo unakichomoa, unakirusha kikapige peke yake, kisha unakiita kirudi. Nilichelewa mazishi ya jirani kwa ajili yake, mama hajasahau.

Hesabu Kali: Hela ya nani?

Mleta uzi: Yangu.

Hesabu Kali: Nakuuliza tena.

Mleta uzi: Sawa. Ni marejesho ya kikoba ya mama watoto, kanipa nimtunzie hadi Jumamosi. Laki nimeshampa fundi. Lakini mshahara unaingia Jumatatu, ni siku mbili tu, na mimi sinywi pombe wala sina mchepuko.

Bi Shuka: Hela ya kikoba ina macho ya wanawake kumi na watano. Jumamosi ni Jumamosi, kaka.

Leta Ushahidi: Hii chai. Kwa fundi ulifika wapi?

Mleta uzi: Kwenye vichwa vya mawe vinavyotema pete. Nikafa, nikaendelea na makombora, ngao na vile viduara viwili vinavyonifuata.

Leta Ushahidi: Nimewaambia! Gradius ukifa unanyang'anywa kila kitu, unarudi na chombo kitupu. Huyu hajaishika.

Mleta uzi: Nilisimamisha gemu, nikabonyeza ile siri ya kurudishiwa silaha: juu juu, chini chini, kushoto kulia, kushoto kulia, B, A. Aliyeitengeneza, Kazuhisa Hashimoto, aliiweka hiyo kwa sababu gemu ilimshinda mwenyewe wakati wa kuijaribu. Kaka yangu alinifundisha nikiwa darasa la tano. Marehemu sasa. Vidole vilikumbuka kabla yangu.

Leta Ushahidi: Samahani mkuu. Pole sana.

Kaka wa Tandika: Pole mkuu.

Hesabu Kali: Pole. Bado nauliza: ile laki inarudi?

Mleta uzi: Fundi kasema hairudi, ila anaweza kunisubiri hadi mwisho wa mwezi ujao.

Hesabu Kali: Basi una laki moja ya kutafuta kabla ya Jumamosi. Mama watoto yuko macho?

Mleta uzi: Yuko sebuleni, anasahihisha daftari la mtoto.