Naombeni ushauri: hotipoti ya Lancashire ya watu 40, Ijumaa hii

BintiWaChumbageni:
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mtu wa Tanga, naishi Bolton, kaskazini mwa Uingereza, mwaka wa tisa sasa, nimeolewa huku. Ijumaa kuna shughuli ya familia, watu kama 40, na jiko nimekabidhiwa mimi. Wanataka hotipoti, pishi la asili la huku Lancashire: nyama ya kondoo na vitunguu chini, juu viazi vilivyokatwa duara na kupangwa kama vigae, inaiva kwenye oveni kwa moto mdogo masaa matatu. Swali langu, nikitumia mbuzi badala ya kondoo, nikatia na tui la nazi kidogo na binzari, nitakuwa nimekosea? Sijalala siku mbili.

Mfuniko77:
Hotipoti si ile ya kuwekea chapati zisipoe? Nimefungua uzi mbio nikijua unauza vyombo.

MzeeWaOldham:
Jina moja, vitu viwili. Nimeendesha basi huku miaka 22 na abiria wazee wamenisimulia sana. Ni pishi la enzi za viwanda vya pamba. Mama anaacha chungu kwenye moto mdogo alfajiri, akirudi jioni kimeiva. Ndiyo maana wanatumia shingo ya kondoo na figo, vipande vya bei ya chini vinavyotaka muda. Binti yangu, viazi vya juu vinaiva kwa mvuke na mafuta yanayopanda kutoka chini. Mbuzi hana mafuta hayo, utapata viazi vikavu na nyama ya nyuzi. Tui usitie kabisa. Ila hujasema, ni shughuli gani?

BintiWaChumbageni:
Shughuli ya kawaida tu ya familia, mzee wangu. Mbuzi nimeshanunua, kilo 12, yuko kwenye friza. Na watu wa huku kari wanaipenda, mbona.

KarafuuMoja:
Hilo la kari ni kweli tupu. Kitabu cha mapishi cha Hannah Glasse cha mwaka 1747 kina kari ndani yake, na Sake Dean Mahomed alifungua mgahawa wa Kihindi London mwaka 1810. Mimi ni mtu wa Pemba, niko Swansea, huku Wales. Krismasi yangu ya kwanza nilialikwa kwa jirani, wakaleta sosi nyeupe ya maziwa na mkate ya kulia bata mzinga. Naingia jikoni kusaidia, nakuta kitunguu kizima kimechomekwa karafuu pande zote, ndicho kilichochemshiwa maziwa. Nilikinusa nikamkumbuka marehemu baba na majamvi yake uani. Halafu Wales wanakula mwani, jamani! Wanauchemsha masaa mengi mpaka unakuwa rojo jeusi, wanachanganya na unga wa oats, wanakaanga asubuhi. Kwetu wanawake wanaulima wakiwa kwenye maji hadi kiunoni, unapakiwa kwenda nje, na sijaona hata mmoja anayeutia mdomoni.

DadaK:
Mmehama mada. Dada, mzee kakuuliza umemkwepa. Watu 40, siku ya kazi, mchana, na hulali. Ni harusi, ubatizo au kuna mtu amefariki?

BintiWaChumbageni:
Ni mazishi. Mama mkwe wangu amefariki wiki iliyopita, alikuwa na miaka 84. Aliniambia hospitali kwamba chakula cha msiba wake nipike mimi, si wanawe, akanipa daftari lake la mapishi. Sikuandika mwanzoni kwa sababu nikiandika naanza kulia.

DadaK:
Pole sana mdogo wangu. Innalillahi.

MwalimuStahiki:
Pole kwa msiba. Sasa huo ni wosia, na wosia hautiwi nazi. Marehemu amesema hotipoti, ipikwe hotipoti. Vijana mnapenda kuboresha kila kitu, hata msiba wa mtu.

BintiWaChumbageni:
Mwalimu, huyo mama alikuwa akila wali wangu wa nazi kila Jumapili na sahani anaikomba. Alikulia kwenye mgao wa chakula wa baada ya vita. Nyama ilipotoka kwenye mgao mwaka 1954 alikuwa na miaka 13. Mafuta yaliyochuruzika kwenye nyama ya kuchoma hakumwaga hata siku moja, aliyagandisha kwenye kikopo akapaka mkate na chumvi. Mtu kama huyo angekubali mbuzi aliyekwisha kulipiwa abaki kwenye friza? Na daftari lenyewe linanichanganya. Pishi ni la bibi yake, linataka chaza kumi na wawili wapangwe chini ya viazi.

KibokoYaUongo:
Hapo umejikanyaga. Chaza ni chakula cha hoteli kubwa. Mfanyakazi wa kiwanda awatoe wapi, tena Bolton hakuna bahari? Hii ni chai na tangawizi juu. Weka picha ya daftari.

Mfuniko77:
Na mimi nilishaanza kuandika rambirambi.

MzeeWaOldham:
Taratibu vijana. Katika karne ya 19 chaza walikuwa chakula cha maskini Uingereza, wakiuzwa barabarani, na reli iliwafikisha hata miji isiyo na pwani. Baadaye wakavuliwa kupita kiasi, maji yakachafuka, wakaadimika, ndipo wakawa wa matajiri. Hotipoti za zamani zilitiwa chaza ili nyama kidogo ionekane nyingi. Anayetunga hadithi angeandika kondoo na viazi akaishia hapo.

BintiWaChumbageni:
Picha siweki, ni daftari la marehemu. Alinakili mwaka 1958, vipimo vyote ni vya pauni na aunsi, na pembeni ya neno chaza ameandika kwa penseli: sijawahi kuonja.

KibokoYaUongo:
Dada, nisamehe. Pole sana. Bibi yangu Mtwara alikuwa akiokota chaza maji yakitoka, kwa hao chaza ndiyo nimesoma mpaka la saba. Nilipaswa kuuliza kabla ya kutukana.

MzeeWaOldham:
Binti, nenda kesho kwa Wapakistani wauza nyama. Usichukue mwanakondoo laini wa supamaketi, waombe shingo za kondoo aliyekomaa. Funika vizuri, nusu saa ya mwisho ndiyo ufunue viazi vipate rangi. Na kabichi nyekundu ya siki pembeni, usipoiweka wazee wa Bolton wataiulizia.

BintiWaChumbageni:
Asante mzee wangu. Itakuwa kondoo. Mbuzi nitampika usiku, tukibaki sisi wa nyumbani, na nazi yake, kama alivyozoea. Mume wangu amerudi sokoni sasa hivi na chaza kumi na wawili, wako kwenye karai wamejifunga kama mawe, na sisi wote wawili hatujui pa kuanzia. Kiboko, bibi yako alikuwa anawafunguaje?