Ushauri: Mke kapata kazi Hibbing, Minnesota. Tuhame na watoto?

BabaNeema:
Wakuu, habari zenu. Tunaishi Brooklyn Park, nje kidogo ya Minneapolis. Mke wangu ni muuguzi, amepata kazi Hibbing, mji mdogo wa machimbo ya chuma huko kaskazini, mwendo wa saa tatu hivi kwa gari. Mshahara mzuri, na nyumba kule ni nafuu kuliko huku. Shida ni kwamba mimi ni dereva wa lori, wiki nzima niko barabarani. Atabaki na watoto wawili, mkubwa ndiyo anaingia sekondari. Mtoto akiugua usiku wa manane atamgongea nani? Huku tuna ibada yetu ya Kiswahili, tuna chama, msiba ukitokea sebule inajaa. Tena nasikia mgodi umepunguza watu. Aliyewahi kukaa kule anisaidie.

MamaKevin:
Baba Neema, nimekaa huko nikifanya kazi kwenye makao ya wazee. Kwa shule usiwe na wasiwasi. Sekondari ya Hibbing ilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 kwa karibu dola milioni 4, hela ya kodi za madini. Ukumbi wake una viti kama 1,800 na vinara vya kioo vinaning'inia darini, utadhani umeingia jumba la opera. Mji mzima huutumia, na ukienda tamasha la watoto utakuta hata wazee wasio na mjukuu pale.

Lakini majengo hayamgongei mtu mlango. Watu kule ni wapole ila hawakuanzi mazungumzo. Mimi nilikuwa "yule nesi mpya" mpaka Kevin alipoingia timu ya hoki ya barafuni. Hapo akina mama wakaanza kupeana zamu za kubeba watoto mazoezini, nami nikiwemo. Nilipofanyiwa upasuaji, akina mama wa kanisa walileta mabakuli ya viazi na nyama ya kusaga, kila mmoja siku yake, bila kuombwa. Mwambie shemeji ajiandikishe mahali kabla baridi haijaanza: kanisa, maktaba, timu ya mtoto, chochote chenye siku maalumu ya kukutana.

Mkwawa77:
Mkuu, msinunue nyumba mwaka wa kwanza. Pangeni. Chuma kikishuka bei, mji mzima unayumba, na nyumba uliyonunua rahisi huenda usimpate wa kuinunua. Mwaka 2025 kampuni ya chuma ya Cleveland-Cliffs ilipunguza mamia ya wafanyakazi kwenye migodi miwili ya ukanda ule, Hibbing Taconite ukiwa mmojawapo. Kazi ya uuguzi haifuati mgodi moja kwa moja, ila kodi inayotozwa kwa kila tani ya takonaiti, yale mawe yenye chuma wanayochimba, ndiyo inayogawiwa shule na halmashauri, kwa hiyo watoto wako wataguswa pia.

Na huo mji umeshahama mara moja. Madini yalikuwa chini yake, basi kuanzia 1919 nyumba zilivutwa juu ya magogo kwenda kusini, kupisha shimo. Hata mabasi ya Greyhound yalianzia hapo mwaka 1914, yakibeba wachimbaji.

Nyota_ya_Duluth:
Gari lifungwe hita ya injini, ile unayochomeka kwenye umeme usiku. Bila hiyo, asubuhi ya Januari mama hafiki zamu. Na ibada ya Kiswahili hamtaipata pale, hilo mjiandae nalo. Mkija Duluth Jumapili, ni mwendo wa kama saa moja na nusu kwa gari, mtatukuta.

BabaNeema:
Nashukuru sana, ndugu zangu. Suala la kununua nimeliweka kando. Nimemsomea mke wangu uzi wote, la hoki limempa moyo, Neema ameshaanza kuuliza viatu vya barafu. Tutaenda siku ya katikati ya wiki shule ikiwa wazi, tulale huko. MamaKevin, naomba uniunganishe na mmoja wa wale akina mama wa kanisa, mke wangu ampigie kabla hatujasaini mkataba.

MamaKevin:
Namuuliza leo jioni, akikubali nakutumia namba faraghani.