Mjadala: Msiba wa mtu mashuhuri, wenyewe ni nani?

Mkaa Kibra: Ken Okoth, mbunge wetu, alifariki Julai 2019. Mwili ulichomwa Kariokor, Nairobi, kimyakimya, wakiwepo watu wachache wa karibu. Sisi tuliompigia kura tukasikia baadaye. Bado inaniuma. Familia ina haki ya kutufungia mlango hivyo?

Wa Tabora: Haki wanayo. Machi 2021, tulipokuwa tunamuaga Magufuli Uwanja wa Uhuru, watu 45 walikufa kwenye msongamano. Nao walikuwa na watoto nyumbani.

Jaluo wa Kondele: Jenerali Ogolla alikuwa Mkuu wa Majeshi ya Kenya, na alizikwa kesho yake tu, bila jeneza, kama alivyousia. Familia ikisimama imara inawezekana.

Mkaa Kibra: Kesho yake wapi! Helikopta ilianguka Alhamisi, 18 Aprili 2024, akazikwa Jumapili huko Siaya. Na jeshi lote lilikuwepo. Huo si msiba wa siri.

Baba Neema: Mimi wananishinda wajane wa siku hizi. Miwani nyeusi, mbele ya kamera hata chozi moja hakuna. Mwenye uchungu hujulikana.

Binti wa Tanga: Baba Neema, mama yangu hakulia mbele za watu. Alikaa eda miezi minne na siku kumi, na kilio chake tulikisikia sisi wanawe, usiku. Ulitaka aje alilie barazani ndipo uamini?

Baba Neema: Mama yako sikumtaja. Nasema hawa wa kwenye televisheni.

Binti wa Tanga: Hao hawana watoto wanaosoma hapa?

Mama Chausiku: Kwetu wanaoangua kilio kuliko wote ndio wanaoulizia shamba kabla matanga hayajaanuliwa. Chozi silo kipimo.

Wa Tabora: Jamani, swali lilikuwa la familia na umma.

Fundi Simu: Kamera tunazishika sisi wenyewe. Mdogo wangu alipokufa kwa ajali ya bodaboda, binamu alirusha picha mtandaoni kabla dada hajaambiwa. Dada akaziona yuko ndani ya daladala, kwenye simu ya abiria aliyekaa naye. Binamu anasema alikuwa anatoa taarifa.

Baba Neema: Hilo ni baya, nakubali. La miwani silifuti.

Mama Chausiku: Fundi, dada yako alimsamehe?

Fundi Simu: Hawasalimiani. Harusi ya binamu hakuja, na wazee wakamlaumu yeye.

Binti wa Tanga: Wakamlaumu yeye! Wazee gani hao?