Fedha za madarasa zinarudi Hazina Juni 30, vifaa havijafika. Tufanyeje?

Mjumbe wa Shikizi: Wakuu, heshima zenu. Niko kijijini, mkoa wa Lindi. Tuna shule shikizi, darasa la kwanza mpaka la tatu. Shule mama iko ng'ambo ya mto, masika haivukiki. Wananchi tulisomba mawe na mchanga, tukapandisha boma la vyumba viwili mpaka kwenye lenta, tukaishiwa. Limekaa hivyo hadi maboga yameota ndani. Mwaka huu serikali imeleta fedha za kumalizia, zimeingia akaunti ya shule mama, tunajenga kwa fosi akaunti, yaani shule yenyewe inanunua vifaa na kuweka mafundi, hakuna mkandarasi. Mimi nimo kamati ya mapokezi. Sasa Juni ndiyo hiyo inakatika, mzabuni hajaleta saruji wala bati, na mtendaji anasema tusipolipa kabla ya tarehe 30 fedha zinarudi Hazina. Naombeni ushauri, zisirudi.

Mwl Mama Bahati: Pole kaka. Tangu elimu bila ada ianze 2016 watoto wamefurika. Kiwango ni 45 kwa chumba, mimi nafundisha 130, wa nyuma wanaandikia mapajani. Na wazazi mkiitwa kikao mnatuma bibi. Tuanzie hapo kwanza.

FundiLenta: Boma likikaa sana bila kupauliwa, kagua lenta kabla hujapandisha kenchi. Mvua inapiga nondo. Tofali mlifyatua ngapi kwa mfuko? Wanakijiji mnapenda kuvuta saruji, unakuta mfuko mmoja tofali hamsini, halafu mnamlaumu fundi.

Mzee wa Hoja: Mjumbe, kamati ya mapokezi inahesabu kilichofika na kusaini kilichofika. Mambo ya malipo hayakuhusu. Mbona yanakukosesha usingizi wewe? Umeshasaini?

Mjumbe wa Shikizi: Mzee mbona umekimbilia huko? Mimi nauliza habari ya fedha kurudi.

Mzee wa Hoja: Umesaini au hujasaini?

Mjumbe wa Shikizi: Kuna hati niliwekewa mezani. Nimesaini ila tarehe sijaweka. Saruji mifuko 180 na bati zote. Wenzangu walishasaini, nionekane mimi ndiye nakwamisha maendeleo? Mzabuni mwenyewe si mtu wa kukimbia, ni mtoto wa shemeji yangu, duka lake liko pale wilayani. Akilipwa analeta. Hakuna aliyekula hata mia.

Kokoto Nane: 🤣🤣 "Tarehe sijaweka." Mahakamani utasema mkono ulisaini, kalenda haikushiriki.

Bwana Mipango: Mmenikumbusha 2021, zile trilioni 1.3 za UVIKO. Madarasa 15,000 nchi nzima, 3,000 yakiwa ya shikizi, milioni 20 kila chumba. Kwetu kila mtu alikuwa anajenga kwa wakati mmoja, mchanga ukapanda bei, mafundi wakaringa. Mkuu wa shule yetu alikuwa analala saiti na filimbi shingoni. Tulimaliza, ila milango ilikuja mibichi, jua la Januari likaipinda.

Mchunguzi Huru: Wakuu, hii ni chai. Siku hizi manunuzi yanapita NeST, mfumo wa serikali wa mtandaoni, huyo mpwa kaingiaje? Mtendaji mkali, shemeji, tarehe 30, halafu maboga ndani ya boma. Hapo kwenye maboga mwandishi kazidisha sukari.

Kokoto Nane: Au ni mkaguzi kaja kutega. Mjumbe, wewe wa TAKUKURU?

Mwl Mama Bahati: Maboga yanaota jamani! Boma la kwetu lina mpapai, tunakula matunda.

Mjumbe wa Shikizi: Mchunguzi, mfumo unapitisha mzabuni, haumuulizi shangazi yake nani. Kama ni chai njoo unywe huku. Hati ninayo hapa, nakala ya kaboni imefifia. Vifaa vimeandikwa vizuri kabisa kwa herufi kubwa, ila pale pa namba ya gari na jina la dereva pako wazi. Nilipouliza niliambiwa patajazwa.

Mzee wa Hoja: Hii siyo chai. Mtunga hadithi angeweka namba ya gari. Sikiliza: leo hii mwandikie mwenyekiti wa kamati kwamba vifaa havijafika na sahihi yako isitumike. Nakala kwa mkurugenzi na mkaguzi wa ndani. Peleka kwa mkono, wagonge muhuri kwenye nakala yako. Habari ya bakaa, yaani fedha itakayobaki, halmashauri ndiyo inayoomba Hazina kibali cha kuvuka nayo mwaka, na inaomba kabla mwaka haujaisha. Waulize wamefikia wapi. Na uhusiano wako na mzabuni uandike humo humo.

Mjumbe wa Shikizi: Nikiandika hivyo shemeji hatanielewa, mzee. Si bora nisubiri mpaka Ijumaa? Kasema lori linapakia.

Mzee wa Hoja: Lori gani? Lina namba?

Mjumbe wa Shikizi: Hajanitajia.

Duka la Jumla: Samahani kuingilia. Huyo mpwa anauza mfuko bei gani? Nipo Nachingwea, nahitaji mifuko 60.