Binti ana kilo 52 na anajiona bonge: nianzie wapi?

MamaZ, Morogoro
Habari za jioni, ndugu zangu. Binti yangu ana miaka 15, yuko kidato cha pili, ana urefu wa mita 1.58 na uzito wa kilo 52. Tangu likizo ya Juni hali chakula cha usiku. Akiketi nasi hula mchicha na kuusogeza ugali pembeni. Juzi nilimkuta mbele ya kioo akijifinya tumbo, akaniambia kuwa yeye ni bonge na kwamba anataka umbo namba nane. Mimi nililelewa na bibi ambaye kwake kunenepa kulikuwa kunawiri, kwa hiyo nilicheka, na nimejuta. Je, uzito huo umezidi kweli? Nizungumze naye vipi bila kumfanya ajifiche?

Muuguzi_Afya ya Vijana
Mama Z, haujazidi. Zidisha 1.58 kwa 1.58, kisha gawanya 52 kwa jibu hilo, utapata karibu 20.8; hicho ndicho kipimo cha uzito kulingana na urefu (BMI). Jedwali la Shirika la Afya Duniani la mwaka 2007, linalohusu umri wa miaka 5 hadi 19, linaonyesha kuwa msichana wa kawaida wa miaka 15 yuko juu kidogo ya 20, na uzito uliozidi huanza karibu na 23.5. Tafadhali usitumie viwango vya watu wazima. Kumbuka pia kwamba wakati wa balehe homoni huongeza mafuta nyongani, mapajani na kifuani, kwa hiyo binti anayeota umbo namba nane huku akiuchukia unene wa mapaja anakichukia kilekile anachokiota. Ukiona hedhi imekatika, anajitapisha au uzito unashuka, mlete kituoni mapema.

Mwalimu wa Malezi
Nakubaliana na hesabu hiyo, lakini sidhani kama namba itamtuliza, kwa sababu hajipimi kwa mizani. Mtafiti Anne Becker aliwahoji wasichana wa shule huko Nadroga, Fiji, mwaka 1995, majuma machache baada ya televisheni kufika, katika jamii iliyousifu mwili uliojaa kama alivyofanya bibi yako. Wakati huo hakuna aliyesema kuwa hujitapisha ili apunguze uzito. Alipowahoji wengine wa rika hilo mwaka 1998, asilimia 11.3 walikiri kufanya hivyo, na asilimia 74 walisema kuwa wakati fulani walijiona wakubwa au wanene mno. Kundi lilikuwa dogo, na hawakuwa wasichana walewale, kwa hiyo nisiyakuze mno matokeo hayo. Ila binti wa leo hana televisheni moja ya kijiji, ana simu inayomletea picha zilizokwisha kurekebishwa. Muulize anamtazama nani humo, kisha msikilize.

Binti wa Zamani
Mwalimu, simu tusiibebeshe yote. Mimi nilianza kujinyima chakula nikiwa na miaka 14, na sikuwa na simu. Nilikuwa na ndugu waliopenda kuniita tipwatipwa kila sikukuu, tena kwa mapenzi. Nilipokonda kwa malaria, watu walewale walinisifu kuwa nimependeza, na sifa hiyo ilinidhuru kuliko utani wenyewe. Mama Z, naomba uchunguze ni nani hapo nyumbani anayeutaja mwili wake.

MamaZ, Morogoro
Ni shangazi yake, aliyekuja likizo hiyo hiyo ya Juni. Sikuwa nimeunganisha mambo haya mawili. Nitazungumza na wifi yangu kwanza, kabla ya binti. Muuguzi, kuna jambo nililiacha: asubuhi akiinuka kitandani hulalamika kizunguzungu. Nilidhani ni uvivu wa shule.

Muuguzi_Afya ya Vijana
Basi usingoje, mama. Mlete wiki hii apimwe presha na wingi wa damu, kwa kuwa wasichana wa umri wake hupoteza madini ya chuma kila hedhi, na mchicha peke yake hauyarudishi. Akipanda kwenye mizani, tutamgeuza asiione namba, na shangazi abaki nyumbani.