Nyanya ananigeuzia Kijaluo kila nikijaribu Kisuba. Nifanyeje?

Mjukuu wa Mfangano: Hamjambo nyote. Naishi Kisumu, kwetu ni kisiwani Mfangano, huku Kenya ndani ya Ziwa Victoria. Wazazi wangu walilelewa kwa Kijaluo, nami vivyo hivyo. Kisuba kimebaki vinywani mwa wazee. Nataka maneno ya kila siku tu: kuamkia, kumkaribisha mgeni, kuomba maji. Shida ni kwamba nikisitasita kidogo, nyanya ananihurumia na kuhamia Kijaluo. Desemba nitakuwa kwake. Nianzie wapi?

Dada wa Mbita: Usimuulize "hili mnaliitaje", mtachoka wote wawili. Mfuate kazini. Akianika omena, anika naye. Akipika, kaa jikoni na umwombe akutume kwa Kisuba: leta, funika, ongeza kuni, ngoja. Amri ni fupi, zinarudiwa kutwa nzima, na ukikosea mtajua papo hapo, maana utaleta sufuria badala ya mwiko. Halafu tafuta mzee mwenzake. Wazee wawili wakikutana hawakuhurumii, wanaongea lugha yao. Salamu ina mwitikio wake, na mtu mmoja hawezi kukuonyesha pande zote mbili.

Mvuvi Mstaarabu: Omba ruhusa kabla ya kurekodi. Simu ikiwashwa, wengine huanza kusema kama wako kanisani. Ukiwa Kisumu, tafuta vipindi vya Kisuba vya Ekialo Kiona, redio ya hapo hapo Mfangano.

Mwalimu Mstaafu: Mwanangu, Kiswahili chako ni mtaji. Kisuba ni cha Kibantu, Kijaluo sicho, kwa hiyo mpangilio wa ngeli hautakushangaza. Ila usizibe pengo kwa Kiswahili. Ukikwama, onyesha kwa mkono, usubiri akutajie. Na mwambie mapema, "Nyanya, nikikosea usinihurumie." Anadhani anakusaidia.

Mjukuu wa Mfangano: Asanteni sana. Mdogo wake nyanya anaishi karibu, nitamwalika. Sasa, wakiwa wawili pale, ni adabu niingilie mazungumzo au ningoje niulizwe?

Dada wa Mbita: Ngoja. Wakishasalimiana, nawe msalimu mgeni vile vile ulivyosikia, kisha umtilie chai. Yeye mwenyewe ataanza kukuuliza, na nyanya yako hatathubutu kukujibia.